Dr. Martin Luther na Matabibu Wake

Mwalimu wa kanisa aingiapo nyumba ya mgonjwa aliyelala miaka mingi, mara nyingi hukuta swali limemtangulia mlangoni. Je, mgonjwa huyu apelekwe kwa tabibu, ama aombewe tu? Na kama amekwisha kupelekwa mara mbili au tatu wala hakupona, je, kumpeleka tena si kuonyesha ya kwamba twamtumaini mwanadamu kuliko Mungu? Swali hili si geni. Liliulizwa huko Wittenberg, katika nchi ya Ujerumani, zamani za Matengenezo ya Kanisa, na aliyeulizwa alikuwa mgonjwa mwenyewe.

Dr. Martin Luther twamjua sote kwa Katekisimo Ndogo tuliyofundishwa, na kwa nyimbo zake tuziimbazo. Lakini si wengi waliosikia ya kwamba miaka ishirini ya mwisho ya maisha yake aliishi na maradhi yasiyomwacha: mawe ya figo, kizunguzungu, mvumo wa masikio, na maumivu ya kichwa yaliyomzuia hata kusoma. Kwa hiyo tumeona vema mwezi huu tueleze habari za mwili wake, na za watu waliouuguza.

Kuzaliwa kwake na mwito wake twavipita upesi, kwa kuwa vimekwisha kuelezwa mara nyingi. Alizaliwa Eisleben tarehe 10 Novemba 1483, mwana wa Hans, mtu wa machimbo ya shaba. Mwaka 1505 aliingia utawani huko Erfurt, na humo alifunga na kukesha kwa ukali mno. Baadaye yeye mwenyewe alidhani ya kuwa ndipo alipouharibu mwili wake. Mwaka 1517 akazitoa zile hoja 95. Mwaka 1521 alisimama mbele ya Kaisari katika mji wa Worms, akahukumiwa kuwa mtu asiye na ulinzi wa sheria, awezaye kukamatwa na yeyote. Mwaka huo huo rafiki zake walimficha katika ngome ya Wartburg.

Huko ngomeni tunaanza kumwona kama mgonjwa. Chakula cha wakuu hakikumpatana, wala hakuwa na nafasi ya kutembea. Tumbo lake likafunga kwa siku nyingi, akapata maumivu makali na kutoka damu. Hakuona haya kuyaandika hayo kwa rafiki yake Spalatin, aliyekuwa katibu wa mtawala wa Saxony. Spalatin akampelekea vidonge, vikampa nafuu kidogo. Hata mwezi wa Julai akamwandikia Philipp Melanchthon ya kwamba, ikiwa hali haitengenei, atatoka mafichoni na kwenda Erfurt waziwazi kutafuta matabibu. Wasomaji na watazame neno hilo. Mtu huyu alikuwa akitafutwa. Kuonekana njiani kungaliweza kumgharimu uhai wake. Tena alikuwa mtu wa maombi kama wachache walivyo. Hata hivyo hakuona ya kuwa kumtafuta tabibu ni kuyakana maombi yake. Lililomzuia lilikuwa habari ya tauni iliyozuka Erfurt, kisha tumbo likapata nafuu lenyewe.

Yafaa tueleze kidogo utabibu wa siku zile ulivyokuwa, maana usipojulikana, habari zinazofuata hazitafahamika. Tabibu aliyesoma katika chuo kikuu hakupasua mwili wala hakufunga majeraha; kazi hiyo ilikuwa ya vinyozi, ambao pia walitoa damu na kutumbua majipu. Tabibu mwenyewe alisoma vitabu vya Wayunani na Waarabu, akafikiri ya kuwa mwilini mna maji ya namna nne, na ugonjwa hutokea yasipolingana. Aliutazama mkojo wa mgonjwa katika chupa ya kioo, rangi yake na mashapo yake. Mgonjwa aliyekaa mbali aliweza kupeleka chupa yake pamoja na barua ya kueleza maumivu, na tabibu akajibu kwa barua bila kumwona uso. Dawa zilitengenezwa na muuza dawa. Katika Wittenberg haki ya kuuza dawa ilikuwa mkononi mwa mchora picha Lucas Cranach, rafiki ya Luther, tangu mwaka 1520. Matabibu waliosoma walikuwa wachache, tena gharama yao ilikuwa kubwa. Mtu maskini aliishia kwa kinyozi, au kwa bibi mzee mwenye kujua majani. Mwili haukujulikana bado kama ujulikanavyo leo, na dawa nyingi hazikufaa kitu. Basi kumwendea tabibu siku zile hakukuwa jambo rahisi kwa imani, maana mtu hakuwa na ahadi kubwa ya kupona kwa mikono yake.

Mawe ya figo yalimshika Luther mara ya kwanza mwaka 1526. Tabibu Matthäus Ratzeberger, aliyemuuguza baadaye, ameandika ya kwamba siku moja, dawa zilipokuwa hazifai, Luther alimtaka mkewe Katharina ampikie samaki wa kukaanga na njegere baridi pamoja na haradali. Matabibu walipoona anakula hayo wakashangaa, wakidhani atakufa, lakini jiwe likatoka. Hadithi hii huwafurahisha wengi, na sisi pia imetuchekesha. Lakini ni lazima tukiri ya kuwa Luther hakuwa mgonjwa mtiifu. Aliyadharau maagizo mengi ya chakula, akala apendavyo, akawataniatania matabibu mezani. Wanaomtunza mgonjwa wa siku nyingi wataijua tabia hiyo.

Tarehe 6 Julai 1527 alianguka nyumbani kwake kwa kizunguzungu na mvumo wa masikio, mwili ukawa baridi hata akadhani ni kufa. Asubuhi ya siku ile alikuwa amemwita mchungaji wake Johannes Bugenhagen na kuungama dhambi zake. Jioni akaitwa tabibu Augustin Schurff, mwalimu wa utabibu katika chuo cha Wittenberg, akamwekea mifuko ya moto mwilini mpaka joto likarudi. Mchungaji na tabibu wote wawili walimhudumia siku moja, wala hakuna aliyemwambia mwenzake aondoke.

Mwezi uliofuata tauni ikaingia mjini. Chuo kikahamia Jena, na mtawala akamtaka Luther aondoke pia, asikubali. Akabaki pamoja na Bugenhagen kuwahudumia wagonjwa, ingawa Katharina alikuwa mja mzito, na nyumba yao ikawa kama hospitali. Wakati huo wachungaji wa Breslau walikuwa wamemwuliza kama ni halali kwa Mkristo kuikimbia tauni. Akawajibu kwa kitabu kidogo. Ndani yake aliwakemea waoga wawaachao wagonjwa wao. Lakini aliwakemea kwa ukali uo huo na watu wa namna ya pili, wale wasiotaka dawa, wasiojihadhari na mahali penye ugonjwa, wakasema Mungu akitaka atawalinda. Hao aliwaambia ya kuwa hawamtumaini Mungu, bali wanamjaribu. Maana Mungu ndiye aliyeziumba dawa, tena ametupa akili ya kuutunza mwili. Na mtu akifa kwa kuikataa dawa iliyokuwapo, mbele za Mungu ahesabiwa kama aliyejiua.

Hakuna mahali alipoeleza neno hilo kwa wepesi kuliko mezani pake. Mkuu mmoja wa mji alikuja na shaka moyoni, kwa sababu alikuwa amesikia ya kwamba Andreas Karlstadt alihubiri kuwa mgonjwa asitumie dawa ila aombe tu. Luther akamwuliza kama yeye hula chakula aonapo njaa. Alipojibu ndiyo, akamwambia basi na atumie dawa pia, kwa kuwa ni kiumbe cha Mungu kama chakula na kinywaji.

Sasa twafika mwaka 1537, na hapa hatutaki kwenda mbio.

Papa Paulo wa Tatu alikuwa ameita mkutano mkuu wa kanisa, ukutane Mantua. Watawala walioifuata Injili wakakusanyika Schmalkalden mwezi wa Februari ili washauriane, na Luther alikuwa amewaandikia maneno ya imani ambayo leo yamo katika maungamo ya kanisa letu. Alifika tarehe 7 Februari, naye alikuwa na dalili za mawe. Akahubiri, akaugua, akapata nafuu, akahubiri tena tarehe 18. Kisha njia ya mkojo ikafungwa kabisa. Kwa siku kama nane mkojo haukutoka. Tumbo na mwili vikavimba, akatapika, usingizi ukamkimbia. Mazungumzo ya watawala yaliendelea bila yeye.

Matabibu waliokuwako wakafanya walivyojua. Walidhani ya kuwa mgonjwa akinywa sana, maji yatalisukuma jiwe. Basi wakamnywesha maji na supu ya lozi, kikombe juu ya kikombe. Twajua leo ya kuwa njia ikiwa imeziba kabisa, kunywa hivyo huongeza maumivu tu. Alipopona alisema kwa mzaha ya kwamba walimnywesha kana kwamba ni fahali mkubwa wa ng'ombe. Wakajaribu pia vitunguu saumu pamoja na mavi ya farasi, dawa iliyoaminiwa na wengi siku zile. Katharina mwenyewe alikuwa na dawa ya mavi aliyoisifu, maana baadaye Luther alimwandikia ya kwamba ustadi wake huo haukumsaidia. Mtawala Johann Friedrich alipoona ya kuwa matabibu wa hapo wameshindwa, aliagiza msaada kutoka mbali. Akaitwa tabibu Georg Sturtz kutoka Erfurt, mtu mwenye elimu na rafiki ya Luther. Akaitwa pia fundi mmoja wa Waltershausen, aliyekuwa na sifa ya kuondoa mawe. Hayo ndiyo yaliyowezekana: tabibu mmoja hushindwa, hutafutwa mwingine aliye na elimu zaidi, naye husafiri siku nzima juu ya farasi katika baridi.

Wala Sturtz hakuweza kulitoa jiwe. Luther aliyavumilia yote waliyomtendea, akakata tamaa ya kuishi. Tarehe 25 mtawala akaja kitandani pake, akamwahidi kuwatunza mkewe na watoto kana kwamba ni wake mwenyewe. Luther akaomba jambo moja tu, kwamba achukuliwe akafie katika nchi ya Saxony, asife hapo ambapo mjumbe wa Papa alikuwa akikaa. Tarehe 26 wakamlaza katika gari la mtawala, wakaondoka pamoja naye Bugenhagen, Spalatin na tabibu Sturtz. Njia ya milimani ilikuwa na mawe na mashimo, na gari lilimtikisa hata akatamani kufa hapo njiani. Wakafika kijiji cha Tambach jioni. Usiku ule njia ya mkojo ikafunguka.

Matabibu wa leo hudhani ya kuwa mitikiso ile ya gari ndiyo iliyolisogeza jiwe. Watu wa siku zile walisema ni jibu la maombi, kwa kuwa makanisa mengi yalikuwa yakimwombea. Sisi hatuoni sababu ya kuchagua moja na kulitupa la pili. Saa nane hivi za usiku Luther aliamka akamwandikia Melanchthon barua ya furaha. Akamwandikia na Katharina, akimweleza jinsi alivyokuwa karibu na kufa, jinsi alivyowakabidhi yeye na watoto kwa Mungu na kwa mtawala, na jinsi Mungu alivyofanya mwujiza usiku ule. Mjumbe mmoja akapanda farasi akarudi Schmalkalden kutangaza ya kuwa Luther yu hai.

Lakini ugonjwa wa siku nyingi hauondoki kwa usiku mmoja. Huko Gotha maumivu yakarudi kwa nguvu, hata akamwita Bugenhagen, akaungama tena, akamwachia maneno ya mwisho kama wasia. Alifika kwake Wittenberg tarehe 14 Machi, akiwa mnyonge, wala mawe hayakumwacha mpaka kufa kwake.

Miaka mitatu baadaye zamu ikageuka. Mwezi wa Juni 1540 Melanchthon aliugua huko Weimar kwa huzuni na aibu ya jambo la Philipp, mtawala wa Hessen, aliyeoa mke wa pili kwa shauri la wao wawili, Luther na Melanchthon. Na jambo hilo ni doa katika maisha yao. Sturtz akaitwa tena kutoka Erfurt. Luther alipofika alimkuta rafiki yake macho yamepotea, hasikii, hatambui mtu. Akaenda dirishani akamwomba Mungu kwa ujasiri wa kutisha, kisha akamshika mgonjwa mkono, akamwita kwa jina, na alipofumbua macho akamlazimisha ale, akitishia kumtenga na kanisa asipokula. Melanchthon akala, akapona. Wengi huikumbuka sala ile, wakamsahau tabibu aliyekuwa ameketi chumbani humo humo.

Ratzeberger tuliyemtaja juu alikuwa amewekwa tabibu wa mtawala tangu 1538, na mwaka 1543 alimfungulia Luther kidonda katika muundi wa mguu wa kushoto, akaagiza kiachwe wazi kwa dawa ya kuunguza, ili maji mabaya yanayopanda kichwani yapate njia ya kutoka. Dawa hiyo haina nafasi tena katika utabibu wa leo. Lakini Luther aliona nafuu ya kichwa, akaweza kusoma na kufundisha. Aliposhindwa kutembea, walimpeleka kanisani kwa kigari.

Tukisema hayo, asidhani msomaji ya kuwa Luther aliwaachia matabibu kila kitu. Aliona ya kuwa Shetani aweza kuutesa mwili wa mtu, akabishana na matabibu waliotafuta asili ya ugonjwa katika maji ya mwili tu. Na katika mabishano hayo alisema mara nyingine zaidi ya tuwezavyo kukubali sisi. Lakini katika kazi ya uchungaji alifuata utaratibu. Mwezi wa Juni 1545 mchungaji wa Belgern alipewa shauri na Luther kwa barua kwa ajili ya mtu mmoja aliyesumbuliwa rohoni siku nyingi, ambaye mkewe alikuwa akiomba msaada. Kwanza Luther alitazama habari za matabibu: ikiwa wao hawajui dawa yake, basi si huzuni ya kawaida ya mwili. Ndipo akaagiza mchungaji aende pamoja na mwenzake na watu wema wawili watatu, si peke yake. Wamwekee mgonjwa mikono, waseme Imani na Sala ya Bwana kwa sauti, waombe kwa jina la Yesu, na kabla ya kuondoka warudie kumwekea mikono. Wafanye hivyo siku tatu ikiwa ni lazima, na usharika wote uombe kanisani. Akaongeza ya kuwa seremala mmoja wa Wittenberg alikuwa ameponywa hivyo. Katika barua hiyo hatuoni tamasha, wala malipo, wala kelele, wala neno la kumlaumu mgonjwa kuwa hana imani. Walimu wetu watafanya vema kuikumbuka, hasa lile la kutokwenda peke yao, na lile la kuuliza kwanza tabibu amesemaje.

Tarehe 23 Januari 1546, wakati wa baridi kali, Luther aliondoka Wittenberg kwenda Eisleben kuwapatanisha watawala wa Mansfeld. Mto Saale ulifurika ukamchelewesha Halle. Karibu na Eisleben kizunguzungu kikamshika garini. Tena alikuwa ameisahau ile dawa ya mguu, na kidonda kikaanza kufunga; basi siku chache kabla ya kufa kwake akamwandikia Melanchthon amletee. Dawa haikuwahi kufika. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Februari kifua kikambana. Wakaitwa matabibu wawili wa mji. Mtawala Albrecht akaja na mkewe, akamkwangulia katika divai pembe iliyodhaniwa kuwa ya mnyama wa pembe moja asimuliwaye katika hadithi, dawa ya thamani kuliko zote siku zile. Kwa kweli pembe za namna hiyo zilikuwa meno ya nyangumi mdogo wa bahari za kaskazini. Luther akaipokea. Akaomba, akaikabidhi roho yake kwa Mungu, akaulizwa kama anakufa akimshika Kristo na mafundisho aliyoyahubiri, akajibu ndiyo. Alipokuwa hana pumzi tena, muuza dawa wa mji aliitwa ampige bomba, kama huenda uhai ungali umo. Haukuwamo. Alikuwa na miaka 62.

Wanawe wawili, Martin na Paul, walikuwa nyumbani humo usiku ule. Paul alikuwa na miaka 13, akayaona yote, sala na dawa pia. Alipokua alisoma utabibu kwa kutiwa moyo na Melanchthon, akapata udaktari wake Wittenberg mwaka 1557, akafundisha Jena, kisha akawa tabibu katika nyumba za watawala wa Saxony na Brandenburg, hata alipofariki mwaka 1593.